Skrini ya Upande wa Marehemu

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tatu, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mshale wa kompyuta ulipoanza kuburuta mguu.

Mama Rangi alikuwa ameketi upande wake wa kushoto, anapaka rangi koti la bwana harusi wa zamani ambaye wajukuu wake walitaka kumtundika sebuleni. Akasogeza mausi, mshale ukakaa. Akasogeza tena, mshale ukafuata baadaye, polepole, kama mtu aliyeamshwa asitake. Na kila ulipopita uliacha mstari wa ukungu, rangi ya makamasi ya mtoto mwenye mafua. Mstari ule ulikaa kitambo cha kuvuta pumzi mbili, kisha ukanywewa kuelekea kulia.

Kulia kulikuwa na skrini ya pili. Ilifunikwa kitambaa cheupe.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele ya nyumba, mlango wake ukitazama barabara. Meza moja, viti viwili, kompyuta moja, skrini mbili, mausi mbili, mshale mmoja. Mama Rangi na mumewe walikuwa wamefanya kazi hivyo miaka kumi na moja, wakitengeneza picha za watu zilizochanika, zilizofifia, zilizoliwa na mende. Mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiraka, alikaa kulia akiziba nyuso, na uso aliukuza mpaka jicho moja likajaa skrini. Mke alikaa kushoto na picha nzima, akitia rangi. Kwa kuwa mshale ulikuwa mmoja na mausi mbili, walinyang'anyana. Kiraka alikuwa akiuliza zamu ni ya nani, mke akijibu kuwa ni ya mwenye adabu, na Kiraka akisema basi leo kazi hailali wala haiamki.

Walikuwa na sharti lao. Hawakuhifadhi picha mpaka wote wawili wakubali kuwa sura imefanana. Kiraka alikuwa anauliza, "Inafanana?" Mkewe akijibu, "Inafanana," ndipo wanabonyeza. Sharti hilo lilitokana na kosa. Zamani Kiraka alikisia midomo ya mzee mmoja aliyekwisha kufa, akaipa unene usio wake, akahifadhi, akawapa wenyewe. Baada ya miaka alikwenda kwao, akakuta watoto wa mzee yule wanamsimulia baba yao kwa midomo ile ya kubuni. Alirudi nyumbani hakula. Alisema amewazikia baba yao mara ya pili, na safari hii amemzika mtu mwingine.

Kazi ya mwisho ya Kiraka ilikuwa ya binti yao. Homa ilimchukua akiwa na miaka sita, na picha iliyobaki ilikuwa moja, nayo unyevu wa droo uliila kuanzia puani kwenda chini. Wazazi walijua palikuwa na nini pale. Mtoto alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele, akaona haya, na siku ya kupigwa picha alijiziba mdomo kwa kiganja. Kwa hiyo Kiraka hakuwa anachora mdomo. Alikuwa anachora mkono, kidole kimoja kimoja. Alikuwa amemaliza vidole vitatu pale moyo wake uliposimama, alasiri moja saa kumi na dakika ishirini, akainamisha paji la uso juu ya meza taratibu kama mtu anayesujudu.

Mama Rangi hakuifunga picha ile. Kuhifadhi hakuweza, maana hapakuwa na wa kumuuliza kama inafanana, na vidole vitatu si mkono. Kufunga bila kuhifadhi ni kuvifuta vidole vile, alama ya mwisho ya mkono wa mumewe duniani. Basi akaitandikia skrini kitambaa, akanunua betri ya akiba ili umeme ukikatika kompyuta isizime, akamwambia kila aingiaye asiguse swichi. Akakaa eda. Miezi minne na siku kumi kompyuta ile iliunguruma usiku na mchana katika chumba kilichofungwa, kama mgonjwa asiyekufa wala kupona. Alipotoka eda akaketi tena upande wake. Wiki moja kazi ilikwenda vizuri. Kisha ikaja Jumanne ile.

Kesho yake alimwita fundi.

Fundi huyo aliitwa Fyuzi, kijana mwenye watoto wawili na kicheko cha karibu. Aliacha mlango wa barabarani wazi kwa heshima ya mjane, akaketi kwenye stuli, akaanza kuchunguza. Alitazama kama skrini zile mbili zinakwenda kwa kasi tofauti, akazisawazisha. Hakuna nafuu. Alibadilisha waya, akatia mpya kila upande. Hakuna. Akafungua orodha inayoonyesha kila programu inatumia nguvu kiasi gani. Kadi ya picha, ile inayochora kilichomo kwenye skrini, ilikuwa inafanya kazi asilimia tisini na tisa, na hakuna programu hata moja iliyokiri.

"Mama," akasema, "hii ni kama sufuria la shughuli. Wali umekwisha na kila mtu anasema hajala."

Mama Rangi alitabasamu kidogo. Fyuzi akaendelea kueleza kuwa dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni ile ile ya siku zote, kuzima na kuwasha. Akakataliwa. Akasema basi aweke programu mpya ya kuendeshea kadi, lakini nayo itadai kuzima na kuwasha. Akakataliwa. Akakuna kichwa, akachomoa waya wa skrini ya kulia.

Mshale ukaruka. Koti la bwana harusi likafunguka papo hapo, rangi zikamiminika, kazi ya nusu saa ikawa ya kufumba na kufumbua. Akaurudisha waya, na mshale ukalala tena.

"Kinachokula kiko upande huu," akasema. "Kuna nini huku?"

Mama Rangi akamjibu kuwa kuna picha tu, imesimama, haina anayeigusa. Fyuzi akasema picha iliyosimama haili chochote. Akaomba ruhusa asafishe vumbi, pengine joto ndilo linaloisonga, akafungua ubavu wa kompyuta huku inaunguruma.

Harufu iliyotoka ilimrudisha nyuma na stuli yake. Si harufu ya vumbi lililoungua. Ilikuwa ya mafuta ya nyama yaliyoganda, yakayeyuka, yakaganda tena, na chini yake utamu kama wa maziwa yaliyochacha kinywani mwa mtu. Ndani, vumbi halikuwa kavu. Lilikuwa limelowa, limekuwa ute wa kijivu, na feni ya kadi ilikuwa inazunguka kwa shida kwa sababu imefungwa na nywele. Fyuzi akavuta unywele mmoja kwa koleo ndogo. Ukaja, ukaja, mrefu kuliko mkono wake, na ncha yake ya mwisho ilikuwa na kipande cheupe laini, kama kitu kilichong'olewa kwenye ngozi hai.

Alitapika barabarani. Aliporudi uso ulikuwa umepauka, na hakuwa na mzaha tena. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye hutoa panya waliokufa kwenye kompyuta, hutoa mijusi, hilo halimsumbui. Hiki hakijafa. Akauliza kama anaweza kumwambia dada wa marehemu, wifi yake Mama Rangi. Mama Rangi akamkatalia, akamshukuru, akafunga mlango.

Kisha akafanya alichokuwa hajafanya tangu siku ya msiba. Akaondoa kitambaa.

Binti yake alikuwa anamtazama, macho yale yale, nyusi zile zile, na juu ya mdomo mkono wenye vidole vinne.

Alihesabu mara tatu. Alipofika cha nne aliinua macho akakitazama kiti kitupu cha kulia, na moyo wake, ambao miezi yote ile ulikuwa jiwe, ukajaa maji. Aliamini alichotaka kuamini. Kompyuta ilikuwa nzito kwa sababu kuna mtu kazini. Mumewe hakuwa na desturi ya kuacha kazi nusu.

Hakumwambia mtu. Alirudisha picha ya bwana harusi kwa wenyewe, koti likiwa halijaisha, akaomba radhi, akaacha kupokea kazi. Siku zote akakaa kushoto akiitazama skrini ya kulia. Kila alasiri, saa ile ile ya Kiraka, feni ilianza kupiga kelele, mausi ya marehemu ikasogea juu ya meza upana wa ukucha, na mahali fulani kwenye picha pakabadilika kidogo. Alhamisi kidole cha tano kilikamilika. Ukucha wake ulikuwa mrefu kidogo, na chini yake mlikuwa na uchafu. Mama Rangi akajiambia kuwa watoto hucheza na udongo.

Mausi ile ilikuwa na joto. Aliigusa Ijumaa, akakuta ina mafuta, na mafuta yakabaki kwenye vidole hata alipoosha kwa sabuni mara nne kabla ya sala. Aliposimama kwenye mswala akiinua mikono, harufu ikamfika puani, akasahau amesoma aya gani. Akaanza upya. Akasahau tena. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuiacha sala katikati.

Jumamosi mkono ulianza kuteremka.

Hapo ndipo angepaswa kukimbia, na yeye alijua, kwa kuwa mkono ule katika picha ya kweli haukuwahi kuteremka. Lakini mama aliyezika mtoto mmoja tu na kubaki na picha moja tu isiyo na mdomo, akiambiwa kuwa akivumilia siku mbili ataoneshwa kicheko ambacho hata kamera haikukiona, atakimbilia wapi? Akavuta kiti. Akala hapo, akalala hapo akiwa ameegemea meza, na kila alipoamka shavu lake lilikuwa limegandana na mbao kwa ute ambao hakujua umetoka kwake au umetoka wapi, na chumba kizima kilikuwa kinanuka kama kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu sana.

Fyuzi hakutii alichokatazwa. Jumatatu mchana alikuja na wifi.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa Kiraka, muosha maiti wa wanawake, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Alikuwa amemuosha mama yake Fyuzi, na alikuwa amemuosha binti wa nyumba ile kwa mikono hiyo hiyo. Alisimama mlangoni, akavuta hewa kwa pua, akatema mate nje.

"Wifi," akasema, "unakaa na nani humu?"

Mama Rangi akajibu kuwa anakaa na kazi ya mume wake. Akaeleza yote, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo ilimtisha Fyuzi kuliko nywele. Alimwambia wifi, kaka yako anamalizia. Alisema mkono umeshafika kidevuni. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kama anavyowasikiliza wafiwa wote, kisha akavuta kiti cha Kiraka akitaka kukikalia, akakiacha. Kitambaa cha kiti kilikuwa kimelowa umbo la makalio.

"Nimewaosha waliokaa siku sita ndani ya nyumba iliyofungwa," akasema. "Harufu ya maiti naijua, na sina kinyaa nayo, ni haki yake. Hii si ya maiti. Hii ni ya kitu kinachokula. Kaka yangu nilisimama nyuma yake akisaliwa. Kazi yake imekatika. Nani alikudanganya wafu wanaamka alasiri kushika mausi?"

Mama Rangi alianza kulia. Wifi hakumbembeleza. Alimuuliza jambo moja tu, kama ameshahifadhi. Mjane akatikisa kichwa. Wifi akashusha pumzi, akamwambia Fyuzi akae mlangoni na mlango ubaki wazi.

Fyuzi akasema kuna njia fupi. Yeye atachomoa waya wa umeme, na betri ya akiba ataibeba aitupe.

"Ukichomoa waya umemkatia umeme," wifi akasema. "Ruhusa bado anayo, maana picha iko wazi. Aliyemfungulia ndiye amwambie toka."

Ikafika saa kumi na dakika ishirini. Wifi alikuwa ameanza kusoma aya kwa sauti ndogo iliyonyooka. Feni ikapiga ukelele, ubavu wa kompyuta ukaanza kutoa matone, na kwenye skrini ya kulia ule mkono uliokuwa kidevuni ukateremka polepole, kwa mikwaruzo, kama picha inayovutwa kutoka kwenye gundi, ukapita shingo, ukatoka nje ya picha, na mdomo ukabaki wazi, na mdomo ulikuwa unacheka, na ulikuwa mzuri, midomo ya mtoto mwenye afya, yenye unyevu kidogo pembeni, na Mama Rangi akainuka nusu kwenye kiti akinyoosha mkono, huku kila tone la damu mwilini mwake likimwambia huyu ni wako. Katikati ya skrini kikajitokeza kisanduku kinachouliza kama mabadiliko yahifadhiwe. Ndiyo upande huu, Hapana upande ule. Mausi ya marehemu ikaanza kutembea yenyewe kwenye meza, ikiacha njia ya konokono, na mshale ukaanza safari yake nzito kuelekea Ndiyo.

Ndipo spika ndogo ikasema, kwa sauti aliyoisikia miaka kumi na moja kila siku ya kazi, sauti yenye kikohozi kidogo mwanzoni:

"Inafanana?"

Ilikuwa sauti ya kaka yake wifi, na aya ikamkatika mdomoni. Kisha akarudi kwenye aya, akaisoma kwa nguvu zaidi, machozi yakimtoka.

Mama Rangi akashika mausi yake ya kushoto. Mshale ukatetemeka katikati, huku ukivutwa na huku ukivutwa, kama zamani walipokuwa wananyang'anyana. Alijua akisema inafanana atakuwa na picha maisha yake yote, ataitundika, ataibusu kila asubuhi. Alijua akisema neno lile lingine, vidole vitatu vya mumewe vitafutika na hakuna awezaye kuvirudisha. Akautazama ule mdomo. Aliutazama kama Kiraka alivyomfundisha, bila huruma, kipande kwa kipande.

Meno yalikuwa yamejaa.

Hapakuwa na pengo. Yalikuwa madogo, mengi, yamebanana kuanzia pembe hadi pembe, mengi mno kwa mdomo wa mtoto, na nyuma ya safu ya kwanza palikuwa na nyingine inaota. Akakumbuka binti yake akiwa amekaa kizingitini, jino dogo kiganjani, akimuuliza baba yake kama watu watamcheka, na baba akimwambia wakicheka, nawe wacheke, tuone nani ana nafasi kubwa zaidi ya kutolea hewa. Kitu kile hakikumjua mwanawe. Kilikula macho, kikala vidole, kikadhani mama hatahesabu meno.

"Zamu ya nani?" spika ikasema, kwa upole ule ule.

"Ya mwenye adabu," Mama Rangi akajibu. "Mume wangu angejua ana mapengo. Haifanani."

Akavuta. Mausi ilikuwa inateleza kwa mafuta, ikamtoka, akaikamata kwa mikono miwili na kuikandamiza juu ya meza. Mshale ukaja kwa shida, chembe kwa chembe, ukiacha ute nyuma yake, mpaka ukafika juu ya Hapana. Akasema bismillah. Akabonyeza.

Picha ikafunga. Kwenye spika kikatoka kitu kama mtu anayevuta mate yake yote kurudi kinywani, kirefu, kirefu, mpaka Fyuzi akaziba masikio. Kisha feni ikasimama. Chumba kikawa kimya kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano, na sauti za barabarani zikaingia: pikipiki, mtu anamwita mwenzake, mlango wa duka unafungwa.

Fyuzi ndiye aliyeifungua kompyuta, pua yake imefungwa kitambaa. Ute ulikuwa umetulia chini kama mafuta kwenye sufuria baridi, na ndani yake mlikuwa na meno. Alianza kuhesabu, akaacha. Wifi aliyakusanya kwa mikono yake mipana kana kwamba anaosha mtu. Akamwuliza wifi yake kama anataka kuyatazama, pengine yapo mawili anayoyajua. Mama Rangi akasema hapana. Yale mawili mume wake aliyazika mwenyewe kando ya kizingiti, na mtoto akishuhudia. Wifi akayafunga kwenye kile kitambaa cheupe, akayachukua mbali, na hakusema alikoyapeleka.

Kompyuta ile ilitupwa. Siku hizi Mama Rangi anafanyia kazi mashine nyingine ya skrini moja na mausi moja, nayo ina kasi ya kutosha. Akifika kwenye uso wenye shaka humwita wifi yake atazame, na wifi akisema sura haifanani, haihifadhiwi. Picha ya karatasi ya binti yake aliitoa kwenye skana, mashine iliyoinakili kuingia kwenye kompyuta, ikiwa vile vile ilivyokuwa, imeliwa kuanzia puani. Hakuiziba. Aliitia kwenye fremu, akaitundika juu ya kile kiti cha kulia, ambacho amekisugua kwa sabuni na maji ya moto na kukiacha wazi. Macho yale mawili yanatosha. Ya chini anayajua yeye.

Na kila alasiri, saa kumi na dakika ishirini ikifika, huacha kazi, akanawa mikono, akainusa kwanza, kisha akaiinua:

Ee Mola, msamehe mja wako aliyeogopa kuwaongopea watu nyuso za wapenzi wao. Lipanue kaburi lake, litie nuru, na kazi aliyoiacha nusu uipokee kama iliyokamilika. Umkutanishe na binti yake penye kivuli chako, na umfanye amtambue kwa mbali, anavyocheka, bila kujiziba mdomo, pamoja na mapengo yake mawili. Amina.